Kuta za Herufi Kubwa

Ukisikia mtu anaitwa Herufi Kubwa unategemea sauti. Unategemea mtu wa kubishana, wa kucheka mpaka majirani wachungulie. Kumbe mwenyewe alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabika. Siku nzima angeweza kusema "ndiyo", "hapana", "kesho" na "rangi mbichi, usiguse", kisha akalala akiona amepiga soga vya kutosha. Jina alilipata kwa kazi yake. Alikuwa fundi wa kuandika mabango: majina ya maduka, bei za vinyozi, onyo la mbwa mkali kwenye nyumba zisizo na hata paka. Yote aliyaandika kwa herufi kubwa zenye kivuli upande wa kulia, zikasimama ukutani utadhani zimechongwa.

Kazi hiyo ina saa zake. Duka lenye mlango wa bati wa kukunja haliandikiki likiwa wazi, kwa maana bango lenyewe linakuwa limekunjwa juu pamoja na mlango. Na bati lililokwisha pigwa na jua hukausha rangi kabla brashi haijafika mwisho wa herufi. Kwa hiyo fundi alitoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na ndoo yake ya brashi, akaandika mpaka wenye maduka walipofika na funguo zao. Baada ya hapo alikwenda kibandani kwake kuandika vibao vya mbao hadi jioni.

Mke wake alipofariki, miaka minne nyuma, alimwachia mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na miaka tisa, na huyo kila mtu alimwita Dada, hata baba yake. Mdogo alikuwa na mitatu, na kwa kuwa alizaliwa mdogo kupita kiasi, baba yake alimwita Nukta. Ndugu walikaa siku walizokaa, wakalia, wakashauri, kisha kila mmoja akakumbuka kwake. Asubuhi ya kwanza baada ya nyumba kubaki na watu watatu, fundi alisimama karibu na mlango na ndoo mkononi. Watoto walikuwa wamelala. Alitaka kuwaamsha awaambie kitu, akakosa cha kuwaambia. Basi akafungua kopo la rangi nyekundu, akaandika kwenye ukuta wa ndani, usawa wa macho ya mtoto wa miaka tisa: NITARUDI JIONI. Akaondoka.

Jioni akarudi kweli, akawakuta wazima, Nukta akiwa mgongoni kwa mama mwenye nyumba aliyeishi mlango wa pili. Hilo bango likawa limemsaidia. Akaongeza la pili.

Mwaka ulipoisha, vyumba viwili vile na jiko lake vilikuwa na maneno kuliko duka la vitabu. Juu ya jiko: ZIMA. KISHA RUDI UANGALIE TENA. Kando ya kioo: SHINGO PIA. Juu ya meza: CHAI IKO KWENYE CHUPA. SUKARI VIJIKO VIWILI. VIWILI. Kwenye mlango wa nje: UMEFUNGA? VUTA UONE. Penye kitanda cha watoto: ANAYEAMKA KWANZA AMWAMSHE MWENZAKE POLEPOLE. Yote kwa rangi ya mafuta, ile ile ya kazini, isiyotoka kwa maji wala sabuni.

"Hii ni nyumba yangu au gazeti?" mama mwenye nyumba aliuliza siku moja, mikono kiunoni.

"Nyumba," alisema fundi.

"Siku ikibomoka tutaisoma matofali kwa matofali." Lakini alicheka, na hakumwambia afute. Mwanamke yule alijua ni nani anamwogesha Nukta mchana na ni nani anakumbusha habari ya shingo.

Mwanzoni Dada ndiye aliyesoma kuta kwa sauti, na mdogo wake akifuata nyuma kama kifaranga. Kabla Nukta hajang'oka jino la kwanza, alikuwa akisoma mwenyewe. Kisha, siku moja, fundi akiwa ananawa uso jioni, akaona chini ya SHINGO PIA kuna mwandiko mdogo wa penseli, umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo: *nimeosha hata masikio*. Alisimama na uso wake wenye maji akausoma mwandiko ule mara tatu.

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Chini ya habari ya sukari: *dada kaweka vitatu*. Chini ya VUTA UONE: *nimevuta mara tano mkono unauma*. Chini ya lile bango la kwanza kabisa, la NITARUDI JIONI: *jioni ya saa ngapi*. Fundi alifungua kopo, akajibu kwa herufi zake: SAA KUMI NA MBILI. Kila akirudi alipita ukuta hadi ukuta kutafuta mapya, na alipolala aliona nyumba yake ina maongezi kuliko nyumba nyingi zenye mama na baba.

Mfinyanzi hulia gaeni. Mtu aliyeandikia mji mzima matangazo yake hakuona lililokuwa limeandikwa kwake mwenyewe, mpaka mwalimu wa darasa la pili alipomwita.

"Mzazi, mtoto wako ana akili," mwalimu alisema. "Kusoma hana mpinzani. Ila mimi sauti yake siijui. Nikimuuliza swali anaandika jibu kwenye daftari, analeta mezani, anarudi kukaa. Wenzake wameanza kumwita Barua. Nyumbani anaongea?"

"Anaongea," alisema fundi.

Njiani kurudi alijaribu kukumbuka neno la mwisho alilolisikia likitoka mdomoni mwa Nukta. Alikumbuka mwandiko. Alikumbuka hata namna anavyoandika *k*, mguu mmoja umerefuka. Sauti hakuipata. Alipoondoka alfajiri mtoto alikuwa amelala. Aliporudi jioni, mtoto alikuwa na madaftari, yeye ana uchovu, na kila kitu kilikuwa kimeshaandikwa.

Habari hiyo Dada hakuweza kukaa nayo. Alimwambia mama mdogo wao kwa simu.

Mama mdogo alikuwa mdogo wa marehemu, na kazi yake ilikuwa kupokea simu katika ofisi kubwa. Sauti yake ilikuwa safi kama sahani iliyosuguliwa. Watu walipiga simu kulalamika wakajikuta wanamshukuru. Kila Jumapili alipiga kuongea na watoto wa dada yake, na kila Jumapili Nukta alimjibu "mh". Alidhani ni aibu ya simu. Aliposikia habari ya shule, hakusubiri Jumapili.

"Shemeji, nakuja Jumamosi," alisema.

"Sawa."

"Nikikuta mambo ni kama nilivyoambiwa, Nukta naondoka naye. Chumba kipo, shule iko hatua mbili, na nimeshaongea na mwenzangu, ameridhia. Dada ameshajitambua, atabaki na wewe. Lakini huyu mdogo hawezi kukua kama paka wa ghalani."

"Sawa."

"Sawa nini? Nakwambia nakuchukulia mtoto unaniambia sawa?"

Fundi alifikiri sana. "Karibu," alisema.

Simu ilipokatika alibaki ameishika. Alitaka kusema kwamba akiondoka Nukta, yeye atarudi jioni kwa nani. Lakini maneno hayo yalimjia baadaye, kama kawaida yake, wakati hakuna wa kuyasikia.

Ijumaa jioni alizitazama kuta zake kwa macho ya mpokea simu. Kwa mara ya kwanza aliona zilivyo: nyekundu, bluu na nyeusi kuanzia sakafuni mpaka kifuani, amri juu ya amri. Mgeni akiingia tu, kesi imekwisha. Hapakuwa na muda wa kusugua kwa msasa, wala wa kupaka rangi nyingine ya mafuta na kuingoja ikauke. Lakini nyuma ya kibanda kulikuwa na mfuko wa chokaa.

Jumamosi asubuhi alikoroga chokaa kwenye beseni. Dada, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu na aliijua kazi ya baba yake kuliko wanafunzi wake wote waliomkimbia, aliegemea mlango wa jikoni.

"Baba, si wewe uliyesema chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta?"

"Leo itashika."

"Na kesho?"

"Kesho ni Jumapili."

Dada akatikisa kichwa, akachukua brashi ya pili. Wakapaka. Chokaa ikafunika shingo, ikafunika sukari, ikafunika jiko. Maandishi ya penseli fundi hakuyawazia hata kidogo. Kwa watu wa kazi yake penseli si maandishi. Penseli ni mistari unayochora ili herufi zisipande mlima, kazi ikiisha unaifuta. Mkono wake ulipita juu ya *nimeosha hata masikio* kama ulivyopita juu ya maelfu ya mistari ya penseli maishani mwake.

Nukta aliamka akawakuta wamefika ukuta wa mlango. Alisimama katikati ya chumba, penseli mkononi, akizunguka polepole kutazama weupe. Akafungua mdomo. Akaufunga. Akausogelea ukuta, akainua penseli atafute pa kuandika.

"Mbichi," alisema baba yake bila kugeuka. "Usiguse."

Mtoto akarudisha penseli mfukoni. Fundi akaufunga mlango, akapiga brashi nyuma yake, pale ambapo mlango hufunika ukuta kila ukifunguliwa, akamaliza.

Mama mdogo alifika saa saba mchana, amevaa gauni la bluu iliyoiva, na begi kubwa mkononi. Fundi aliliangalia begi kabla ya kumwangalia mgeni. Lilikuwa likining'inia na kupepea kama shati kwenye kamba. Halikuwa na kitu ndani. Lilikuja kujazwa.

"Karibu, shemeji."

"Nimekaribia." Akawakumbatia watoto, akamshika Nukta kidevu, akamtazama sana, kisha akatazama chumba. "Peupe hapa. Mmehamia zahanati?"

"Tumesafisha," alisema Dada.

Mama mwenye nyumba, aliyekuwa amesikia mlango, aliingia bila hodi na sahani ya ndizi mbivu. "Mgeni njoo mwenyeji apone," alisema, na alipoziona kuta macho yakamtoka. Akamtazama fundi. Fundi akatazama ndizi. Mama mwenye nyumba akaamua kukaa kimya, jambo lililomgharimu sana, na akachagua kiti ambacho angeona kila kitu.

Walikula wali na maharage. Mama mdogo alikaa na kiti chake kimeegemea ukuta uliotundikwa kioo. Aliuliza habari za shule, Dada akajibu. Aliuliza habari za afya, Dada akajibu. Akamgeukia Nukta.

"Na wewe mama, rafiki yako darasani ni nani?"

Nukta akatazama sahani. Vidole vyake vikaenda mfukoni.

"Niambie tu, mimi si mtu wa mbali."

"Mh," alisema Nukta.

Mama mdogo akaweka kijiko chini. Hakuna aliyekula tena. Fundi alijua kwamba mambo yamekutwa kama yalivyosemwa.

"Ngoja nichukue maji," mama mdogo alisema kwa sauti ya kujizuia, akainuka. Mgongo wa gauni lake ulikuwa mweupe pe, utadhani amefutia ubao wa darasa. Na nyuma yake, mahali alipokuwa ameegemea, chokaa ilikuwa imekauka na kupasuka. Kipande kimoja kikateleza, kikafuatwa na kingine, vikadondoka sakafuni bila haraka. Nyekundu ikachomoza. Kwanza NGO. Kisha PIA.

Mama mwenye nyumba alijaribu. Shahidi ni Dada, aliyemwona akiuma ncha ya khanga yake. Lakini kicheko kilipata njia puani.

"Shemeji yako kakukumbusha kuoga," alisema.

Siku ya kufa nyani miti yote huteleza. Mlango uliokuwa wazi ukapigwa na upepo, ukuta ukatikisika kidogo, na juu ya jiko ikaanguka ngozi nzima ya chokaa: ZIMA. Maganda mengine yakadondoka mezani, moja ndani ya bakuli la maharage. CHAI IKO. VIWILI. Popote palipokuwa na rangi ya mafuta, chokaa ilijivua. Kwingine kote ilikaa. Herufi zilitoka safi na kingo zao, na vivuli vyao upande wa kulia, kama watu wanaotoka ndani ya ukungu mmoja mmoja.

Mama mdogo alisahau maji. Alipita ukuta kwa ukuta akipangusa kwa kiganja, akisoma kwa ile sauti yake ya ofisini. "Zima. Kisha rudi uangalie tena. Nawa mikono. Umefunga? Vuta uone. Soksi ziko ndani ya viatu." Akageuka. "Shemeji, hii ni nyumba au kambi? Zima, nawa, funga, vuta. Mtoto anaamrishwa na ukuta tangu ana miaka mitatu, kwa nini asinyamaze? Ukuta unajibiwa?"

"Anajibu," alisema fundi.

"Anajibu wapi?"

Fundi alisogea penye SHINGO PIA, akachuchumaa. Hapo chini, palipokuwa na penseli, chokaa ilikuwa imeshika barabara. Plasta ilikuwa imeinywa. Akapangusa kwa kidole, haikutoka. Akakwangua kwa ukucha, ikatoka na plasta yenyewe, unga mweupe, hakuna kitu ndani yake. Akaenda penye meza, akakwangua. Hakuna. Chokaa ilikuwa imetoka pale alipotaka ikae, na imekaa pale alipotaka itoke. Amri zake zote zilikuwa zimerudi. Majibu ya mtoto, yote, ya miaka miwili, alikuwa ameyafuta kwa mkono wake mwenyewe kabla ya kifungua kinywa.

Alibaki amechuchumaa.

Kisha fundi akaanza kusema. Alianza chini chini, akiutazama ukuta, na kidole chake kikionyesha mahali.

"Hapa aliandika, nimeosha hata masikio. Hiyo ilikuwa ya kwanza. Hapa palikuwa na habari ya sukari, aliandika, dada kaweka vitatu."

"Mara moja tu," alisema Dada.

"Hapa aliandika, leo nimeamka kwanza mimi, nimemwamsha polepole, hataki." Akasimama, akasogea. "Penye jiko aliandika, nimerudi kuangalia, limezimika, lakini linanitazama. Hapa juu ya viatu, soksi moja ina njaa imekula kidole. Nikanunua nyingine. Hapa aliniuliza mvua ikinyesha rangi zangu zinalowa. Nikamjibu pale, HAZILOWI. Akaandika chini, na wewe je." Sauti yake ilikuwa imeanza kukauka kwa kutozoea, lakini akaendelea, ukuta hadi ukuta, akipita nyuma ya kiti cha mama mwenye nyumba, ambaye alijivuta mbele kumpisha. Yote aliyakumbuka, kwa mpangilio. Mama mdogo alikuwa amesimama na mkono mweupe wa chokaa umeganda hewani. Tangu amjue shemeji yake, siku ya posa mpaka ya mazishi, hakuwa amemsikia akisema maneno mengi hivyo.

Fundi akafika mlangoni. "Na hapa, kwenye nitarudi jioni, aliniuliza, jioni ya saa ngapi. Nikamwandikia saa kumi na mbili. Basi. Ndiyo hayo."

"Kuna lingine."

Sauti ilikuwa ndogo, yenye kutu kidogo, kama bawaba ya dirisha lisilofunguliwa. Ilichukua muda kwa watu wazima watatu kujua imetoka wapi.

Nukta alikuwa amesimama karibu na meza. "Hukulisoma," alimwambia baba yake. "Niliandika nyuma ya mlango."

Fundi akautazama mlango. Kila alfajiri aliufungua, na mlango ukalala juu ya ukuta ule na kuufunika. Kila jioni vivyo hivyo. Leo tu ndipo aliufunga kukiwa na mwanga, apige brashi nyuma yake, na aliipiga haraka, bila kuangalia.

"Uliandika nini?" aliuliza.

Vidole vya Nukta vikaingia mfukoni, vikatoka na penseli. Mama mdogo akasogea, akafunika mkono ule kwa mkono wake. "Kwa mdomo, mama," alisema, na hiyo haikuwa sauti ya ofisini. "Pole pole. Tunakungoja."

"Niliandika, baba ukitoka niamshe."

"Lini?"

"Siku nyingi. Kabla sijaingia darasa la pili."

"Mwanangu, natoka bado giza. Unalala vizuri. Nikuamshe wa nini?"

Nukta alifikiri. Alikuwa mtoto wa baba yake; alitafuta neno lililo sawa kabla ya kulitoa. "Nijue umevaa shati gani," alisema. "Nikiwa shule nakuwaza, na sijui nikuwaze na shati gani."

Mama mwenye nyumba akainuka ghafla, akasema amesahau sufuria motoni, akatoka. Moto wake ulikuwa umezimwa tangu saa tano.

Mama mdogo akavuta kiti, akakaa, safari hii mbali na ukuta. Alimwita Nukta katikati ya magoti yake. "Mimi nilikuja na begi," alisema. "Sikuja kwa ubaya. Nataka unijibu ukweli, usinifurahishe mimi wala baba yako. Unataka kuja kuishi kwangu?"

Fundi aliegemea mlango. Alikuwa na la kusema, na safari hii lilikuwa limefika kwa wakati, lakini alilimeza, kwa kuwa swali halikuwa lake.

"Likizo," alisema Nukta.

"Na likizo ikiisha?"

"Nirudi."

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa polepole. Akamtazama Dada, aliyekuwa akikusanya sahani kama mtu mzima wa siku nyingi. "Na wewe?"

"Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Nakuuliza sasa."

Dada alishikilia zile sahani. Ilionekana kwamba ana orodha ndefu, na kwamba anachagua. "Mimi nataka Jumamosi moja nisipike," alisema. "Na nisimwambie mtu avae soksi."

"Hiyo tu?"

"Kwa kuanzia."

"Weka hizo sahani," alisema fundi. Akazichukua mwenyewe, akaenda nazo jikoni, na kwa muda walimsikia akihangaika kutafuta sabuni, ambayo ilikuwa pale pale miaka yote, chini ya bango lililosema SABUNI.

Jioni mama mdogo aliaga. Gauni lake lilipanguswa lakini halikuwa la bluu tena. Mlangoni alimgeukia fundi.

"Sijaridhika, shemeji. Usidhani nimeridhika. Mwalimu nitampigia mimi mwenyewe, na mwezi ujao nakuja tena. Na Jumapili sitapiga kwa watoto tu, nitapiga na kwako. Usinijibu sawa."

"Sawa," alisema fundi.

Dada akacheka. Kisha mama mdogo, kwa shida, naye akacheka, akaondoka na begi lake likipepea.

Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo, fundi alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha watoto na ndoo ya brashi miguuni. Hakujua mtu anaamshwaje. Miaka minne yote kazi hiyo alikuwa ameuachia ukuta. Aliweka mkono begani kwa Nukta, akauondoa, akauweka tena.

"Naondoka," alisema.

Nukta akafungua jicho moja. Akatazama shati, akatazama sana, mpaka chini kwenye vifungo. "Lina tundu," alisema.

"Wapi?"

"Kwapani. Na kifungo hiki si chake."

"Cha shati la zamani. Lile la kijani."

"Liko wapi?"

Ikabidi amweleze lilikokwenda shati la kijani. Hadithi hiyo ilikuwa na ngazi ndani yake, na mbwa wa kweli katika nyumba moja ambayo yeye mwenyewe aliiandikia onyo la mbwa mkali akidhani ni uongo kama kawaida. Nukta alicheka akiwa amejifunika shuka mdomoni asimwamshe Dada. Halafu akataka kujua mbwa yule aliitwa nani, na fundi hakujua, na wakabaki hapo kwa muda wakimtafutia jina.

Duka la kwanza la siku hiyo lilikuwa la vipodozi. Fundi alifika jua limeshapanda juu ya bati, na herufi tatu za mwisho zikamgomea. Rangi ilikauka kabla ya brashi kufika, zikatoka na mikwaruzo. Mwenye duka alifika na funguo zake, akasimama, akazitazama.

"Fundi, leo kulikoni? Wewe huchelewi."

Siku nyingine angesema "kesho nitarekebisha", na ingeishia hapo. Fundi alifuta brashi kwa kitambaa, akaitumbukiza kwenye tapentaini, akatafuta mahali pa kukaa, akaanza kumweleza.